Mabati ya Mama Juu ya Sakristia

Mvua ya Bukavu haina sauti moja. Ikipiga juu ya vigae vya kanisa letu la zamani ilikuwa na sauti nzito ya mbali, sauti ya mtu mzima anayezungumza chumba cha pili. Kwenye mabati ya majirani ilikuwa makelele matupu, hata watu waliokaa kitanda kimoja walilazimika kupigiana ukelele. Kwetu, chini ya turubai, ilipiga pu, pu, pu, kisha ikanyamaza, na huko kunyamaza ndiko kulikotutisha, kwa sababu maji yalikuwa yanajikusanya katikati ya turubai, yanafanya tumbo, na tumbo lile lingepasukia kitanda cha nani hakuna aliyejua. Papa, baba yetu, alikuwa na fimbo yake ya kulisukuma tumbo hilo kwa ndani ili maji yamwagikie nje, na sisi watoto tulikaa macho tukimtazama anavyosukuma. Leo nina nyumba ya matofali na watoto wangu hulala fofofo hata radi ikipiga, lakini mimi mvua ikianza tu nainua macho kutazama dari. Mazoea yana taabu, jamani.

Tuliishi Nguba. Msije mkadhani ni Nguba ile ya majumba yenye maua na ngazi zinazoshuka mpaka ziwani. Sisi tulikuwa Nguba ya mteremkoni, ambako ukidondosha chungwa mlangoni utaliokota kwa jirani wa chini, kama watoto wake hawajalimenya. Nyumba yetu ilikuwa ya mbao. Juu yetu, kwenye mgongo wa kilima, lilisimama kanisa la matofali mekundu, na kila asubuhi kivuli cha mnara wake kilitupitia kabla jua halijatufikia. Mdogo wangu Bahati alikuwa na kifua. Kwetu ukisema mtoto ana kifua, kila mama anaelewa: unyevu ukiingia tu ndani ya nyumba, mbavu zake zinaanza kuhesabika, na kooni inatoka filimbi nyembamba usiyotaka kuisikia mara mbili. Msimu wa mvua uliotangulia ulikuwa nusura umchukue. Muuguzi wa dispensari alimwambia Maman, mama yetu, bila kumung'unya maneno kwamba mtoto huyu akilala penye maji msimu mwingine, asije akamlaumu Mungu. Maman hakulia. Alijifunga kitenge upya, akatoka, na tangu siku ile akaanza kununua mabati.

Aliuza sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa letu. Aliwapokea wavuvi asubuhi kungali na ukungu, akavianika, akavibeba sokoni, na kila faida ilipokusanyika alinunua bati moja akalipandisha kilimani kichwani, upepo wa ziwa ukilitikisa likilia wobwobwo, mtaa mzima ukijua kwamba Maman Nsimire amenunua jingine. Nsimire ni mimi, kifungua mimba wake. Kwetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto wa kwanza. Mabati yaliwekwa chini ya kitanda cha wazazi, na kwa kuwa yalikuwa marefu kuliko kitanda, ncha zake zilitokeza miguuni na kutuchana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walisema wahenga, lakini kwetu hata usipokitaka, cha mvunguni kilikutafuta chenyewe. Kovu la muundi wangu ni shahidi. Kwenye pembe ya kila bati Maman alichora kwa ncha ya msumari samaki mdogo, mwili na mkia, basi. Nilipomuuliza kwa nini, alisema: "Ili nisisahau nani alilipa."

Kiangazi kile mabati yalikuwa yametimia. Fundi alikuwa ameshapatikana, ila alikuwa na nyumba ya mtu mwingine ya kumalizia, akaahidi kuja kwetu mara tu baada ya Jumapili ya Mavuno. Majani yalikuwa yamekauka, vumbi jekundu limekaa juu ya kila kitu, na kila jioni Maman alisimama mlangoni akiangalia upande wa milima kama kuna wingu. Hakukuwa na wingu bado. Alikuwa akihesabu siku kwa macho tu, na mimi nilisimama karibu yake nikihesabu naye.

Sasa kanisa nalo lilikuwa na kifua chake. Tetemeko la ardhi lilikuwa limeutikisa mji, na ufa ulioanzia chini ya kengele ulikuwa umeteremka mpaka karibu na altare. Vigae vingi viliteleza. Palipoharibika zaidi ni sakristia, kile chumba cha nyuma ambamo padri huvalia mavazi ya misa. Humo mbingu ilionekana, na kanzu zilikuwa zimeota ukungu wa kijani. Padri wetu, mtu mpole aliyekuwa akikohoa kabla ya kila sentensi, alitangaza kwamba sadaka zote za Jumapili ya Mavuno zitakwenda kwenye matengenezo, na kwamba kanisa hili likianguka hatutajenga lingine la namna yake. Maneno hayo yalimwingia Papa moyoni, na nataka nimtendee haki hapa. Mama yake, bibi yetu, alipokuwa msichana alisimama kwenye mstari wa watu uliotoka tanuri la matofali chini ufukweni mpaka juu kilimani, kila mtu akimpasia mwenzake tofali, mkono kwa mkono, mpaka ukuta ukasimama. Kila tofali la kanisa lile lilipita mikononi mwake. Mpaka anakufa, bibi alipoingia misani aligusa ukuta kwanza, ndipo akagusa maji ya baraka.

Ni lazima niwaeleze desturi yetu, maana mkasa wote umekaa hapo. Parokia imegawanyika katika mashirika, yaani majirani wa mtaa mmoja wanaosali pamoja, na siku ya Mavuno kila shirika huandamana kuelekea altare likicheza na kubeba vitu vyake: ndizi, maharagwe, mbuzi anayegoma mlangoni. Baada ya misa vitu hivyo hupigwa mnada kwenye ngazi za kanisa. Anayenunua hulipa, kisha hukiinua juu alichonunua na kusema kwa sauti, "Ninarudisha!" na kitu kinauzwa upya. Jogoo mmoja anaweza kuuzwa mpaka mwenyewe achoke kuwika. Na kitu kikiwa kizito, kitu ambacho kila mtu anajua kimetoka mwilini mwa mtu, basi mwisho kabisa yule aliyekitoa hunyoosha mkono, hutaja kiasi kidogo tu, na watu wote hukunja mikono kifuani. Kimya. Kengele inalia, kitu kinarudi kwa mwenyewe. Kanisa limepata, mtu hakupoteza, na nadhani hata Mungu anacheka kidogo. Desturi hii haikuandikwa popote. Kila aliyekulia parokiani kwetu aliijua.

Papa alikuwa fundi viatu na mwenyekiti wa shirika letu, na kati ya kazi hizo mbili sijui ni ipi aliyoipenda zaidi. Alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja: kusifiwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Papa akisifiwa alikuwa tayari kulitoa tembo lenyewe na kibuyu chake. Wiki ya mwisho kabla ya Mavuno shirika lilikutana kwetu. Chumba kilijaa, Maman akipita na kikombe cha maji, Bahati akicheza na kisigino cha kiatu kibovu. Mzee mmoja akasema kwamba shirika la ufukweni linaleta ng'ombe, tena kuna mgeni huko, Papa Mulinda, mnunuzi wa dhahabu kutoka Kamituga aliyehamia kwenye jumba jipya, ameshatoa saruji peke yake. "Na siye?" akauliza. "Ndizi tena? Batatucheka." Watu wakacheka kwa uchungu. Mwingine akamgeukia Papa: "Papa Nsimire, mama yako alipasisha tofali zote za kanisa ile. Weye utapasisha nini?"

Nilimwona Papa anavyosimama. Nilimwona anavyopangusa mikono yake kwenye suruali. "Shirika letu," akasema, "litaleta mabati." Chumba kikalipuka kwa makofi, wamama wakapiga vigelegele, mzee yule akamkumbatia. Maman alikuwa amesimama katikati na kikombe mkononi. Hakukidondosha. Alikiweka chini polepole sana, akamchukua Bahati, akatoka nje.

Walipoondoka watu ndipo akarudi. Nakumbuka kila neno, kwa kuwa nyumba ya mbao haina siri.

"Mabati gani?"

"Ile ya chini ya kitanda."

"Ile iko ya Bahati."

"Itarudi, Maman Nsimire. Itazunguka, kanisa itapata, kisha nitanyoosha mukono, itarudi. Siku mbili tu iko nje ya nyumba. Hujue desturi?"

"Desturi minaijua," Maman akasema. "Batu ndio sijue."

Papa akasema ameshatamka mbele ya shirika zima, na mate ukishatema huwezi kuyalamba. Maman akamwambia usiache mbachao kwa msala upitao. Papa akasema huo si msala upitao, ni nyumba ya Mungu. Wiki ile Maman alipika, alifua, aliuza sambaza zake, na hakumwita Papa kwa jina hata mara moja. Alimwita "yeye". Mwambie yeye chakula kiko tayari. Mulize yeye kama amekula. Na jioni aliendelea kusimama mlangoni akiangalia milima, na siku moja kabla ya Jumapili wingu lilikuwepo, dogo, jeusi, limekaa juu ya mlima Kahuzi halisogei.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Mabati yetu yalifungwa pamoja kwa kamba ya katani na kubebwa na wanaume wanne mabegani, wakicheza, na kila walipotingisha mabega yalinguruma ndani ya kanisa lile la zamani hata watoto wachanga wakalia. Watu walisimama juu ya mabenchi kutazama. Ng'ombe wa ufukweni hakuonwa na mtu. Papa alitangulia mbele na kitambaa cheupe mkononi, akicheza kama kijana, uso wake unang'aa, na mimi, niwe mkweli, kwa muda mfupi ule nilijivuna naye. Kisha nikamtazama Maman. Alikuwa anayafuata mabati kwa macho, midomo yake inatembea, nikajua haimbi.

Mnada aliuendesha Papa Déo, katekista wetu, mwenye kengele ndogo na sauti ya kuamsha wafu. Mimi nilikaa kwenye ukuta mfupi karibu na ngazi na Bahati mgongoni. Mabati yalinunuliwa na kwaya. "Ninarudisha!" Yakanunuliwa na wamama wa chama cha Legio. "Ninarudisha!" Walimu wakachanga, wakanunua, wakarudisha. Kila mara watu walishangilia, na kila mara Maman, aliyesimama kando ya mlango, alivuta pumzi na kuishikilia. Hatimaye Papa Déo akapaza sauti, "Mara ya mwisho!" na kumtazama Papa kwa jicho la kuelewana. Papa akanyoosha mkono. Akataja kiasi kidogo. Watu wote wakakunja mikono vifuani, uwanja ukawa kimya, na nikaona mabega ya Maman yanashuka.

"Hee! Mabati muzuri hivi kwa bei ile?"

Sauti ilitoka nyuma, karibu na magari. Papa Mulinda alikuwa amefika kwa kuchelewa, shati lake jipya lina mikunjo ya dukani bado, na uso wake ulikuwa na mshangao wa kweli, hakuna ubaya hata chembe. Akataja bei kubwa. Watu wakageuka kumtazama. Papa akapandisha. Papa Mulinda akacheka, akadhani amepata mshindani, akapandisha maradufu. Papa, kijasho kinamtoka, akapandisha tena, akitaja kiasi ambacho hata angeuza viatu vyote vya Bukavu asingekilipa. Na mgeni akapandisha tena, akipiga makofi mwenyewe kwa furaha. Mtu mmoja tu angemnong'oneza sikioni, mambo yangekwisha. Hakuna aliyekwenda. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Kumwambia kungekuwa kumwambia kwamba zawadi ya Papa haikuwa zawadi, na nani angesema maneno hayo kwenye ngazi za kanisa, mbele ya padri, kwa mtu aliyetoa saruji? Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema. Siku ile wenyeji tulikunja mikono tukatazamana.

Papa Déo alishika kengele juu bila kuipiga, akimtazama Papa. Papa akaangalia chini, kisha akatikisa kichwa kuitikia. Kengele ikalia. Papa Mulinda akapanda ngazi, akainua mkono. "Miye sibebe kitu," akasema. "Na sirudishe iuzwe tena, mabati haiko jogoo. Iende juu ya sakristia, pale padri anavalia. Kwetu Kamituga, mutu akimupatia Mungu, amemupatia." Vigelegele vilipaa mpaka ziwani. Padri akakohoa, akambariki. Na Papa akapiga makofi. Ndiyo, baba yangu alipiga makofi, mikono yake inakutana na kuachana, kwa kuwa hakukuwa na jambo jingine ambalo mikono ile ingeweza kufanya. Maman alinijia pale ukutani, akamtoa Bahati mgongoni mwangu, akamfunga mgongoni mwake, akateremka kilima bila kumtazama mtu.

Fundi alikuja wiki hiyo kama alivyoahidi, ila alipita mlangoni kwetu akapanda moja kwa moja kanisani. Tulisikia nyundo yake siku nzima. Walisema ni kwa muda tu, mpaka vigae vipya vipatikane, na nyinyi mnajua kitu cha muda kwetu hukaa kiasi gani. Papa alifanya aliloweza: alilishusha turubai, akaliziba kwa vipande vya mpira wa gurudumu, akalishona kwa uzi wa viatu, mishono midogo iliyokazwa kwa meno. Alifanya kazi ile kwa siku kadhaa bila kuimba, yeye ambaye hakuwahi kutia kiraka cha kiatu bila wimbo. Ilikuwa kazi nzuri. Majirani walikuja kuitazama na wakaisifu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona Papa anasifiwa bila kuinua kichwa.

Mvua ya kwanza ilianza mchana, baada ya chakula. Mishono ya Papa haikuachia hata mmoja. Turubai lenyewe, kuukuu, ndilo lililochanika pembeni mwa mishono, kutoka ukuta mpaka ukuta. Maji yaliingia kwa pamoja. Tulipomaliza kuokoa unga na magodoro, filimbi ya Bahati ilikuwa imeshaanza, na haikuwa ile ya kawaida. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Papa alikuwa amesimama na fimbo yake mkononi, hana tena tumbo la kusukuma. Maman alimwinua Bahati, akamfunika kwa kitenge kikavu kilichobaki, akaniambia, "Nsimire, fuata," na tukatoka kwenye mvua ile. Nilidhani tunakwenda dispensari. Kwenye njia panda Maman akakata kushoto, akapanda juu.

Sakristia haikuwa imefungwa. Maman aliingia, akaketi kwenye benchi karibu na kabati la kanzu, akamvua Bahati nguo zilizolowa na kumkumbatia kifuani mwake ngozi kwa ngozi. Juu yetu mvua ilikuwa inapiga makelele yale niliyoyatamani tangu nizaliwe. Hakuna tone lililopita. Nilitazama juu, na pembeni, karibu na ukuta, nikamwona samaki mdogo, mwili na mkia. Basi tukakaa, Maman akihesabu pumzi za mtoto kwa midomo, mimi nikiomba kwa maneno ya hovyo, Yesu wangu, Yesu wangu, tufanyie vizuri. Padri alitukuta hivyo.

"Maman Nsimire! Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Padri. Mutoto ako chini ya bati yake."

Padri alitazama juu, akamtazama Bahati, akaketi kwenye sanduku la mishumaa. Maman akamweleza yote, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba anaeleza bei ya sambaza. Padri akauliza kwa nini hatukusema siku ile. "Nani alituuliza?" Maman akajibu. Padri alikohoa kwa muda mrefu, kisha akasema kesho atamwita fundi ayashushe. Maman akakataa. "Imeshatobolewa na misumari, Padri. Na hii manguo ya misa italala wapi? Acha ikae. Ila mvua ikikuja, miye nitakuja." Giza lilipoanza kuingia filimbi ilikuwa imelegea, na Bahati akaomba chakula. Ndipo Maman akalia.

Alifanya alivyosema. Msimu mzima, wingu likijikusanya tu juu ya milima, Maman alimfunga Bahati mgongoni akapanda, na mimi nyuma yake na mkeka. Mtaa ulisema, maana mtaa ni kusema. Wengine walimcheka, wengine walimwonea Papa huruma, wengine walimtukana. Na Papa, ambaye angeweza kujificha kwenye kibanda chake cha viatu, kila mara alifunga kazi na kupanda kilima kile kile amebeba mbabula, jiko letu dogo la makaa, ikiwa imewashwa, akiikinga mvua kwa mwavuli uliovunjika, akipita mbele ya kila mlango wa shirika lake. Aliiweka kizingitini, akasimama nje chini ya ukingo wa paa, maji yakimchuruzikia shingoni. Hakuomba msamaha kwa mdomo, wala sijui kama alikuwa na maneno yake. Wiki zilipita. Alasiri moja, mvua ikipiga, Maman bila kugeuka alijisogeza kwenye benchi, akaacha nafasi. Papa akaingia, akaketi. Mbabula ikawa katikati yetu, na harufu ya makaa na nguo mbichi ikachanganyika na ya ubani, na tangu siku ile Maman akaacha kumwita "yeye".

Papa Mulinda hakujua lolote. Alikuwa amerudi Kamituga kwenye biashara yake, na matope ya njia ile yaliwazuia watu huko mpaka mvua zilipopungua. Aliporudi, mtu akampasha. Alikuja kwetu siku hiyo hiyo, viatu vimejaa udongo, akasimama mlangoni hataki hata kuketi. "Maman, mbele ya Mungu, sikujua. Nilifikiri Papa iko nashindana na miye. Nitaleta mabati mupya kesho." Papa akainuka upesi, akaanza kusema hapana, Papa Mulinda, kilichotolewa kimetolewa, siye hatuwezi... Maman akamkata.

"Lete," akasema. "Na misumari."

Yakaja, na misumari. Bahati aliishi.

Miaka imekwenda. Papa tulimzika kutoka kanisa lile lile, na Papa Mulinda naye ametangulia. Bahati sasa ni dereva wa lori, hupotea siku nyingi kwenye barabara ya Shabunda, na akiwa mjini huimba besi kwenye kwaya kwa kifua ambacho muuguzi yule angekiona asingeamini. Mimi ni mwalimu, na mwaka huu wameniweka kwenye kamati ya kulikarabati kanisa, maana ufa umeamka tena na safari hii tumeapa kurudisha vigae kila mahali, kama wazee walivyojenga. Ni kazi ngumu katika nyakati hizi ambapo kila mtu anafunga mlango mapema na hajui kesho italeta nini. Wengi wanachanga kwa simu. Jina lako linatokea kwenye kikundi, watu wanaweka vidole gumba, yamekwisha. Ni rahisi, na sina neno baya. Ila hakuna anayeona uso wa mtu akitoa, wala uso wa mke wake.

Mafundi waliposhusha mabati ya sakristia, kamati iliamua yauzwe mnadani, mtu apate ya banda la kuku. Nilikwenda kuyatazama yameegemezwa ukutani, yamekula kutu mpaka yamekuwa na rangi ya matofali. Nilisugua pembe kwa kidole. Jioni nikamwambia Maman, ambaye anaishi kwangu na siku hizi miguu inamsumbua. Jumapili aliamka kabla yangu, akavaa kitenge chake kizuri.

Mnada uliendeshwa na mtoto wa Papa Déo, kwa kengele ile ile. Mabati yalipofikiwa, kabla hajataja bei, Maman alinyoosha mkono wake akataja kiasi kidogo. Wazee waliokuwepo siku ile ya zamani wakakunja mikono vifuani, mmoja baada ya mwingine. Vijana waliwatazama wazee, wasielewe, wakakunja nao. Kengele ikalia. Maman akatembea mpaka kwenye ngazi akiegemea bega langu, akapapasa pembe ya bati la juu mpaka kidole gumba kikampata samaki. Akaomba asaidiwe kuliinua. Bahati akatoka kwenye kwaya, akaliinua juu kwa mikono yake miwili, na uwanja ukasubiri.

"Ile siku hakuna aliniuliza," Maman akasema, wala hakupaza sauti. "Leo ndiyo miye natoa. Ninarudisha."

Mtoto wa Papa Déo alibaki na kengele mkononi, hajui aipige au aiache. Maman alitazama upande wa milima, akanishika mkono, akaniambia twende nyumbani kabla mvua haijaanza.